Ña Deidamia na Kitabu cha Ng'ambo ya Mto

Kama uliwahi kupanda basi la masafa kwenye kituo kikuu cha Asunción miaka ile, basi ulimsikia Ña Deidamia Rolón, Ña kwetu ni Bi. Yeye ndiye aliyekuwa akitangaza mabasi. Wenye macho walikuwa na ubao, sisi tusioona tulikuwa na yeye, na kwa maoni yangu sisi ndio tuliopendelewa. Ubao haukuwahi kumwambia mtu kwamba basi la Concepción limechelewa kwa sababu dereva bado anakula. Ña Deidamia alisema. Meneja alimwita ofisini akamwambia atangaze saa tu, mengine ayaache. Alimjibu kwamba abiria amekata tiketi, kwa hiyo sababu ya kuchelewa ni mali yake. Akarudi kwenye kipaza sauti na kutangaza kwamba dereva wa Concepción amemaliza kula, sasa anatafuta funguo.

Mimi ni Sindulfo, katibu wa chama cha wasioona, nyumba ya kona pale Sajonia. Sioni tangu nizaliwe, na anayenionea huruma kwa hilo hunichefua kuliko anayenitukana. Nimeamua kumwandika mama huyu kwa sababu kila habari za ule mkataba wa vitabu zinaposimuliwa wanatajwa mabalozi na mawaziri, na nimechoka kuwasikia.

Alikuja kwetu alipostaafu. Hakubisha hodi. Alisimama ukumbini akasema, kwa sauti ile ile ya kituoni, "Nasikia hapa mnatafuta mtu wa kuwasomea vitabu."

Mzee Policarpo, ambaye kazi yake ni kurekebisha nyuzi za vinubi, aliruka kutoka kitini. "Mungu wangu! Basi la Encarnación limefika!"

"Kaa chini, karai, hujaitwa wewe," alisema Ña Deidamia, kwa lile "bwana" la Kiguarani. "Mkubwa wa hapa nani?"

Nikamwambia mkubwa ni mimi, na kwamba hatuna cha kumlipa.

"Nimekuuliza habari za kulipwa?"

Jumatatu akaanza kazi.

Studio yetu ilikuwa stoo iliyobandikwa magodoro ukutani. Feni ilipigwa marufuku kwa sababu inanguruma kwenye rekodi, na joto la Januari la Asunción halina adabu. Alisoma akiwa na taulo lililolowa maji mabegani na pembe ya terere mkononi, ile chai yetu ya maji ya barafu inayofyonzwa kwa mrija. Kila akimaliza ukurasa alivuta mrija, na ule mvuto wa mwisho, maji yanapokwisha na mrija unakoroma juu ya majani, umo kwenye rekodi zake zote. Tulijaribu kuuondoa, ukatushinda, tukauzoea. Muuza chipa akipita dirishani akinadi mikate yake, Ña Deidamia alisimama katikati ya sentensi, akanunua, akarudi. Kuna kitabu kimoja cha historia ambamo vita vinakatika ghafla, mtu anaulizwa kama chipa ni za moto, kisha majeshi yanaendelea.

Alikuwa na sheria moja, na hakuna aliyeweza kuitengua: anasoma kila kitu. Jalada, jina la kiwanda cha uchapaji, namba za kurasa, maneno yaliyokosewa jinsi yalivyokosewa. Na alisoma ule ukurasa wa mwanzo ambao ninyi mnaoona huwa mnauruka, wenye onyo. Kwa hiyo kila rekodi yetu, iwe ya hadithi au ya hesabu, ilianza hivi, kwa sauti ya mtu anayetangaza basi: "Haki zote zimehifadhiwa. Ni marufuku kunakili, kurekodi au kusambaza sehemu yoyote ya kitabu hiki kwa njia yoyote ile bila idhini ya maandishi ya mchapishaji." Halafu mrija unakoroma. Halafu: "Sura ya kwanza."

Nilimwambia mara ya kwanza kabisa, "Ña Deidamia, hilo si tungeliruka tu? Tunajishtaki kwa mdomo wetu wenyewe."

"Kitabuni limeandikwa, halijaandikwa?"

"Limeandikwa."

"Mwenye macho akinunua kitabu hiki, analipata au halipati?"

"Analipata, lakini halisomi."

"Kutolisoma ni hiari yake. Na mimi nakupa hiari hiyo hiyo, mwanangu. Hutaki, ziba masikio."

Policarpo alicheka mpaka akapaliwa na terere. Toka siku hiyo ikawa desturi ya nyumba: rekodi mpya ikianza kuchezwa, ukumbi mzima unalitamka onyo pamoja naye kama watoto wa chekechea, kisha tunanyamaza tusikilize tulichokatazwa.

Liduvina Florentín alikuja kwetu kutoka Caacupé akiwa na umri wa miaka ya kuanza chuo na ubishi wa bibi kizee. Macho yake yalizimika utotoni. Alitaka kusomea fiziotherapia. Chuo hakikumkatalia, kilifanya ujanja mkubwa kuliko huo. Kilimwambia karibu sana, mtihani wa anatomia ni mwezi wa saba, kitabu kiko maktaba. Kitabu chenyewe ni kimoja, kinene, kimechapishwa Madrid, na bila hicho mtu havuki mwaka wa kwanza. Kwa wino kilikuwepo. Kwa nukta nundu au kwa sauti, Paraguay nzima, hakikuwepo.

Kwa sauti kilikuwepo Buenos Aires. Nilipiga simu kwenye maktaba moja ya wasioona kule, akapokea mama mmoja mpole.

"Tunacho," alisema. "Kimesomwa chote, hata michoro imeelezwa. Kazi safi kabisa."

"Basi nitumie nakala."

"Ndugu yangu Sindulfo, siwezi. Ruhusa yetu ya kurekodi inaishia mpakani. Ikivuka kwenda kwenu inakuwa bidhaa haramu. Tulishampelekea mtu wa Bolivia kitabu cha mashairi, wakili wa mchapishaji akatujia juu. Mashairi, fikiria."

"Ni msichana mmoja na mtihani mmoja."

"Naelewa. Nisamehe. Nina wasomaji hapa wa kuwalinda."

Sasa, ng'ambo ya mto wetu ni Clorinda, na Clorinda ni Argentina. Kila siku akina mama wa kwetu huvusha kutoka kule vitunguu, unga na mafuta ya kupikia, mabegi yamejaa mpaka zipu zinalia, na watu wa forodha wamegeukia upande mwingine.

"Kwa hiyo kitunguu kinavuka," alisema Policarpo, "ila mguu wa binadamu ulioelezwa kwa maneno hauvuki?"

"Ndivyo sheria ilivyo, karai."

"Basi tuwatume akina mama wa vitunguu!"

Nikamweleza kwamba shida haikuwa kuvusha. Shida ilikuwa mtu wa kukabidhi upande wa pili, na yule mama mpole asingekubali, wala sikumlaumu. Tulibaki tumekaa pale, pembe ya terere ikizunguka, kila mtu na hasira zake. Nilimsikia Liduvina akivunjavunja chipa vipande vidogo bila kula.

Ña Deidamia alikohoa. Kikohozi chake tulikuwa tumekizoea tangu Krismasi.

"Nileteeni hicho kitabu," alisema. "Nitasoma mimi."

"Ña Deidamia," alisema Liduvina, "kina kurasa zaidi ya elfu moja. Na majina yote ni ya Kilatini."

"Na mabasi yalikuwa machache? Nileteeni."

Kilichokuwa kooni mwake alikijua yeye kabla yetu, akatuficha. Niliambiwa Februari, tena kwa njia ya kujificha, kwa sababu alitaka nimsindikize hospitalini na nisiulize maswali. Daktari alinidhania mwanawe, akasema yote mbele yangu. Ilikuwa saratani, kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Upasuaji baada ya Juma Kuu. Kikoromeo kitatolewa chote. Atapona, Mungu akipenda, atapumua kwa tundu la shingoni, lakini hatasema tena. Mpaka siku hiyo apunguze kuongea. Sauti iliyobaki ni ndogo, akiitumia asubuhi mchana haipo. "Kwa hiyo itumie na watu wako, mama," alisema daktari.

Tulipotoka nje nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. "Kuanzia leo studio nimeifunga," nilimwambia.

"Wewe nani ufunge?"

"Umemsikia daktari. Utumie sauti na watu wako. Binti yako huko Málaga anapiga simu kila Jumapili, atasikia nini?"

"Binti yangu amenisikia miaka arobaini, na mingi ya hiyo alikuwa akiniomba ninyamaze." Alikohoa, akanishika kiwiko kunivusha barabara, ingawa sikuwa nimemwomba. "Sindulfo, nikikaa kimya mpaka Pasaka, nimeiweka sauti kwa ajili ya nani? Watanikata nayo."

Akaendelea kusoma asubuhi, na jioni alikuwa ananong'ona tu. Jumapili jirani yake alikuwa akipokea simu ya Málaga na kusema, "Mama anakusalimu, anasikiliza, wewe ongea tu." Akamsomea Liduvina mifupa yote, kisha misuli. Michoro aliieleza kwa kujishika mwenyewe: "Msuli huu unaanzia hapa kwenye bega, chini kidogo ya mfupa unaouhisi ukipitisha kidole, unashuka hivi." Liduvina alisikiliza akijipapasa bega lake mwenyewe, akarudia.

Wakati huo huo nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa zikidai mkataba kule Geneva, ili kitabu kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona wa nchi moja kiruhusiwe kuvuka kwenda kwa wasioona wa nyingine. Mazungumzo yalikuwa yakipigwa danadana mwaka baada ya mwaka. Kikao cha mwezi wa tatu chama chetu kilipata kiti cha mwangalizi, nikapelekwa mimi. Sikutegemea mkataba uzaliwe wiki ile. Ila wachapishaji nao walikuwa na wawakilishi wao mle ndani, na nilijiambia kwamba nikimpata mmoja wao uso kwa uso, neno lake moja litatosha kuivusha ile rekodi ya Buenos Aires.

"Nikirudi na ruhusa, unaacha kusoma siku hiyo hiyo," nilimwambia Ña Deidamia.

"Nenda, mheshimiwa. Mimi utanikuta kwenye utumbo."

Geneva nilipewa rasimu kwa nukta nundu, na hapo ndipo nilipojua wale watu hufanyaje kazi. Neno lisilokubaliwa na wote huwekwa ndani ya mabano, na hakuna anayelitoa bila wote kuridhia. Vidole vyangu havikuweza kwenda nusu mstari bila kugonga bano. Neno "kuvuka" lilikuwa kwenye mabano. Neno "bila malipo" pia. Hata "wasioona" lilikuwa na mabano yake, kwa sababu mjumbe mmoja alitaka kujua asiyeona kwa kiasi gani. Walilijadili hilo asubuhi nzima, watu wenye elimu na suti, na sisi wahusika tumekaa nyuma kwenye viti vya ukutani tunasikiliza kama hatupo.

Chumba cha jirani walikuwa wanabishania hataza za dawa, nani aruhusiwe kuzitengeneza. Kwenye foleni ya kahawa nilisimama na mama mmoja mfamasia kutoka Ekuado.

"Ninyi wa vitabu mnasubiri tangu lini?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Afadhali yenu. Wa kwetu hawasubiri, wanakufa." Akanisaidia kupata sukari na kurudi chumbani kwake.

Waangalizi hupewa dakika tatu mwishoni, muda ukiruhusu. Muda uliruhusu siku ya mwisho, wakati wajumbe wanafunga mikoba. Zipu zilikuwa zikisikika chumba kizima. Hotuba yangu niliiacha mfukoni. Niliweka kinasa sauti karibu na kipaza sauti nikabonyeza. Ña Deidamia akasema Geneva kama alivyosema Sajonia: haki zote zimehifadhiwa, ni marufuku kunakili, kurekodi au kusambaza. Wakalimani wakafasiri kwa lugha zao zote, maana kazi yao ni kufasiri wanachosikia. Kisha mrija ukakoroma, na huo haufasiriki. Kisha: "Sura ya kwanza. Mifupa." Baadhi walicheka. Nikasema huyu mama anasoma kitabu ambacho kimeshasomwa, kwa sababu mto kati yetu na Argentina una upana wa sheria yenu. Nikataka kuendelea.

"Asante sana mwakilishi wa Paraguay," alisema mwenyekiti. "Tutaendelea na suala hili katika kikao kijacho."

Kwetu mtu akikupokeza pembe ya terere husemi asante. Unakunywa, unarudisha, na zamu yako itafika tena. Asante unaisema ukiwa umetosheka, na ukishaisema hupewi tena. Wahispania wanaotutembelea husema asante kwa kujionyesha wana adabu, kisha wanashinda na kiu. Nilipomsikia mwenyekiti niliona kwamba Geneva nayo ina desturi hiyo hiyo, ila huko anayesema asante ni mwenye maji.

Ukumbini nje mwanamke mmoja alinifuata. Alikuwa wakili wa wachapishaji, Mhispania, sauti yake haikuwa ya ubaya. "Bwana, ulichokicheza mle ndani ni ukiri wa kosa. Unajua?"

"Najua. Msomaji ana saratani ya koo. Mkitaka kumshtaki fanyeni haraka, maana baada ya Pasaka hataweza kujibu maswali."

Nikaona hapa hapa. Nikamwambia habari za Liduvina na za rekodi ya Buenos Aires, nikamwomba mstari mmoja tu wa ruhusa.

"Laiti ningeweza," alisema. "Nakwambia kweli. Lakini tukimruhusu mtu mmoja wakati mazungumzo bado yanaendelea, kesho itasemwa kwamba huo ndio msimamo wetu. Mpaka yaishe hatuwezi kutoa chochote."

"Na yataisha lini?"

"Ah." Akanigusa mkono. "Asante kwa kuelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu. Nilirudi nyumbani na begi langu na rasimu yenye mabano.

Nilimkuta ameshamaliza utumbo. Baada ya mifupa na misuli kitabu kile kimepangwa kwa maeneo ya mwili, na shingo iko mwisho. Siku aliyofika shingoni nilikuwa nje ya mlango wa studio, na Liduvina alikuwa ndani naye, kwa sababu wakati huo alihitaji mtu wa kumpa maji. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika, nyembamba, lakini bado ni ya kituoni. Alisoma kikoromeo. Alisoma gegedu zake zote, moja baada ya nyingine, na nyuzi za sauti zinavyokaribiana hewa inapopita. "Weka vidole hapa," alimwambia Liduvina, na jambo hilo limo kwenye rekodi. "Sema a. Umehisi? Na mimi pia, weka hapa. Aaa. Sasa kumbuka." Kisha akaendelea na mshipa unaofuata. Mimi nililia kule nje, na sioni sababu ya kuficha. Yeye hakulia. Alikuwa na ukurasa wa kumaliza.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi alisoma faharasa ya picha, kwa kuwa imo kitabuni. Halafu ukurasa wa mwisho, ambapo waandishi wanawashukuru walimu, wachoraji na wake zao. Aliyasoma majina yote. "Kwa wote hao, asante," alisema, akavuta mrija, ukakoroma, akazima kinasa sauti mwenyewe. Alipotoka hakuweza hata kunong'ona.

Upasuaji ulikwenda salama. Liduvina alifanya mtihani mwezi wa saba, kwa mdomo, mbele ya walimu watatu ambao mmoja wao alikuwa na hamu ya kumkwamisha. Walimuuliza shingo. Alifaulu.

Ña Deidamia alirudi kwetu Sajonia akiwa kimya, na hapo ndipo nilipokutana na dhuluma ambayo sikuwa nimeifikiria. Mtu asiyesema akiwa miongoni mwa wenye macho ataandika, ataonyesha kwa mikono, atakunja uso. Miongoni mwetu alikuwa kama hayupo. Tukatunga njia: kugonga meza mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, na kwa maneno marefu alimwandikia Liduvina herufi kiganjani. Lakini hakuna aliyefikiria terere. Mmiminaji wetu ni Policarpo, anazungusha pembe kwa kufuata viti, na hasikii asante kutoka kiti cha Ña Deidamia, kwa hiyo anamjazia. Akigonga meza, Policarpo anadhani anadai. Alasiri moja Ña Deidamia alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma, kwa sababu pembe ukipewa huikatai hivi hivi. Alimwandikia Liduvina kiganjani: mzee huyu ataniua kabla ya saratani.

Mkataba ulikuja kukubaliwa hatimaye, huko Moroko, baada ya kila mtu kuondoa mabano yake. Ikapita miaka tena kabla sheria za nchi zetu kuufuata. Wakati huo Liduvina alikuwa na meza yake ya matibabu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mmoja wa wagonjwa wake wa kwanza alikuwa Ña Deidamia, maana waliompasua shingo walimwachia bega ambalo halikuinuka kupita usawa wa kifua. Liduvina alilishughulikia kwa miezi. "Msuli huu unaanzia hapa," nilimsikia akimwambia siku moja, "chini kidogo ya mfupa unaouhisi ukipitisha kidole." Meza ikagongwa mara moja.

Kisha yule mama mpole wa Buenos Aires akanipigia. "Sindulfo, sasa inaruhusiwa. Nikutumie nini kwanza?"

Nikamwambia atume anatomia. Tulikuwa hatukihitaji tena, lakini nilitaka kukisikia.

Kilifika asubuhi ile ile, kwa kompyuta, bila mto wala forodha. Tuliitana wote ukumbini. Liduvina akakicheza. Msomaji alikuwa mwanamume mwenye sauti nzuri, laini, iliyorekodiwa kwenye studio ya kweli. Ukumbi wote ukawa umejiandaa kutamka onyo, lakini halikuja. Alianza moja kwa moja na sura ya kwanza. Tulisikiliza mifupa kidogo. Maneno yalikuwa yale yale, neno kwa neno, yamekuwa yakingoja ng'ambo ya mto siku zote zile. Nilijisikia kuvunja kitu.

"Mbona huyu hajasoma jalada?" aliuliza Policarpo.

"Zima," nilimwambia Liduvina. Akazima.

Tukanywa terere kwa sababu hakukuwa na la kufanya. Pembe ikazunguka. Ilipofika kwa Ña Deidamia mara ya tatu, Liduvina alisema, "Ngoja kwanza, karai. Ña Deidamia, fungua mkono." Akamwekea kitu kiganjani, kidude kidogo chenye kitufe kimoja. "Nimekata kipande cha kitabu. Bila idhini ya maandishi ya mchapishaji."

"Haki zote zimehifadhiwa," alianza Policarpo, na ukumbi mzima ukamfuata mpaka mwisho wa onyo, tukicheka.

Kitufe kikabonyezwa.

"Kwa wote hao, asante."

Ilikuwa ni yeye. Imekwaruzika, nyembamba, ya kituoni. Kicheko kilikatika. Policarpo alikuwa ameshainyoosha pembe iliyojaa, nikasikia barafu ikigongana alipoirudisha.

"Haya," alisema. "Kumbe leo ametosheka."

Meza ikagongwa mara mbili.

Policarpo akampa pembe. Alikunywa polepole mpaka maji yakaisha na mrija ukakoroma juu ya majani, na sisi sote tukanyamaza, kwa mazoea tu, tukisubiri ukurasa unaofuata.